Tupunguze Makundi, Tusipunguze Ndugu



Mwezi wa Julai mwaka jana, wakati wa kuanika kahawa, jirani yangu aliugua siku tatu bila mimi kuwa na habari. Nasema jirani, wala si mtu wa kijiji cha pili. Kibanja chake na changu vimetenganishwa na njia ya miguu na safu moja ya migomba, na usiku akikohoa namsikia nikiwa kitandani. Ni mzee aliyekwisha kupita miaka sabini, mgane, na watoto wake wote wako mbali. Dini yake si yangu, kwani yeye ni Mlutheri. Lakini ndiye aliyenipa machipukizi ya kwanza ya migomba nilipohamia hapa Mabira, na siku tuliyomzika mama yangu bega lake lilikuwa chini ya jeneza pamoja na langu.

Siku ya nne akaja mtoto wa nyumba ya bondeni kuniazima baiskeli ili mzee apelekwe zahanati. Nikamwuliza, "Mzee yupi?" Mtoto akanitazama kama mtu asiyeelewa swali, akaelekeza mkono kwenye migomba.

Mzee alipona, Alhamdulillahi, nalisema hilo mapema ili msomaji asikae akingoja habari ya kifo. Lililonisumbua lilikuja usiku ule niliporejea nyumbani na kuifungua simu yangu, nione kwa siku zile tatu nilikuwa nikishughulika na nini. Nilikuta nimeandika "pole sana" katika msiba wa Mwanza wa mtu ambaye sikuwahi kumwona. Nilikuwa nimewapongeza wahitimu wanne. Nilikuwa nimeahidi shilingi 50,000 katika harusi ya kijana ambaye baba yake nilisoma naye sekondari, na tangu tumalize shule hatujapata kukaa pamoja hata mara moja. Tena nilikuwa nimebishana karibu saa nzima na mtu nisiyemjua juu ya mchezaji wa mpira. Kwa ufupi, nilikuwa nimewajulia hali watu wengi sana, isipokuwa yule ambaye kikohozi chake nilikisikia kwa masikio yangu.

Nikaanza kuyahesabu makundi ya WhatsApp yaliyomo katika simu ile. Yalikuwa 31. Kuna la ukoo wa baba, la ukoo wa mama, na jingine la ukoo huo huo wa mama lililoanzishwa na waliogombana katika la kwanza. La waliosoma pamoja, la wazazi wa shule, la msikiti, la wauza kahawa, la kikoba. Yaliyobaki, ambayo yalipita nusu, yalikuwa makundi ya harusi na misiba iliyokwisha kupita, ambayo hakuna aliyeona haya ya kuyafunga.

Makala hii haikusudii kuilaani simu. Wako wanaoilaani kila mwezi, kisha huitumia simu hiyo hiyo kusambaza laana yao. Ninalotaka kulisema ni dogo zaidi, na kwa maoni yangu ni zito zaidi: tumekubali mtu mwingine atupangie idadi ya watu tunaowajibika kwao, na idadi hiyo imezidi uwezo wa mwanadamu, hivyo tunashindwa kuwatimizia hata wale wachache ambao haki yao juu yetu ni ya kweli.

Mwaka 2000, katika kijiji cha Nyakatoke huko Bukoba, mtafiti aitwaye Joachim De Weerdt alizifikia kaya zote 119 za kijiji kile na kuwauliza watu wazima swali jepesi: ni nani unayeweza kumtegemea upatapo shida, na ni nani anayekutegemea wewe? Kwa hesabu, jozi za kaya zinazoweza kupatikana katika kijiji cha ukubwa huo ni 7,021. Uhusiano uliotajwa ulikuwa 490 tu, maana yake kila kaya ilikuwa na kaya kama nane za kutegemeana nazo. Tena watu walitegemeana zaidi na wale wa karibu, kwa nyumba na kwa damu, na dini nayo ilikuwa na nafasi yake. Liko jambo jingine katika utafiti ule lililonifanya niiweke chini kalamu yangu kwa muda. Sehemu kubwa ya uhusiano ule ulitajwa na upande mmoja tu. Fulani alisema anamtegemea fulani, naye huyo fulani, alipoulizwa, hakumtaja.

Basi hata katika kijiji ambamo watu wanaonana kila siku kisimani na sokoni, hali ilikuwa hivyo. Nane, na katika hao nane wengine hawakuhesabu! Mimi nikawa najidanganya kwamba ninao maelfu.

Ng'ambo ya Mto Kagera, katika nchi ya Ankole na Kigezi, viko vyama viitwavyo engozi, yaani machela. Wanachama wake hupokezana kumbeba mgonjwa mabegani kutoka mlimani hadi penye barabara au hospitali, na akifa humbeba kumrejesha. Huku kwetu navyo vyama vya kuzikana vipo katika vijiji vingi, na msiba ukitokea majembe hulazwa, watu huleta ndizi, kuni na maji. Tazama jinsi mpaka wa vyama hivi ulivyowekwa. Haukuwekwa na kanuni yoyote iliyoandikwa. Uliwekwa na miguu na mabega: ni nani anayeweza kufika kabla ya giza, na ni nani anayeweza kubeba zamu yake bila kudondosha upande wa machela. Mtu wa mbali alipendwa na kuombewa dua, habari ya kifo chake ilisikika katika matangazo ya vifo ya Redio Tanzania Dar es Salaam, lakini hakuna aliyekudai kwamba hukufika.

Simu iliuondoa mpaka wa miguu, na mahali pake ukawekwa mpaka mwingine. WhatsApp, iliyoanza mwaka 2009, iliruhusu watu 256 katika kundi moja mwaka 2016. Mwaka 2022 ikaruhusu 512, na kabla mwaka huo haujaisha ikafikisha 1,024. Ni nani aliyepima na kuona kwamba mkulima wa Mabira aweza kubeba shida na furaha za watu 1,024, kisha akazidisha mara 31? Hakuna aliyepima. Mwenye kampuni alipanua ghala lake kwa faida yake, na sisi tukadhani kwamba mioyo yetu nayo imepanuka.

Hapa ndipo linapoingia suala la michango, ambalo watu hulinong'ona barazani na hawathubutu kuliandika. Zamani aliyeoza alikwenda kwa ndugu na jirani zake, nao wakatoa walichokuwa nacho: mbuzi, mikungu ya ndizi, debe la maharage, nguvu za mikono. Siku hizi msomaji anaamka na kukuta ameingizwa katika kundi ambalo hakuulizwa kama analitaka. Mwenyekiti wa kamati amekwisha kuteuliwa, mweka hazina yuko, namba ya kutumia fedha iko. Kila asubuhi hubandikwa orodha: jina, ahadi, kilicholipwa. Mbele ya jina lako pana nafasi tupu, na watu 180 wanaitazama, au wewe wadhani wanaitazama. Baada ya harusi yenyewe kuna sherehe ya kumuaga binti, kuna kichenpati, kuna sare, kuna ukumbi na mapambo yake, na kila moja laweza kuwa na kundi lake.

Nchi yetu hii ni ya kahawa, na fedha ya kahawa huja kwa msimu. Harusi nazo huufuata msimu huo. Lakini makundi hayangoji msimu, maana harusi ya Agosti huanza kuchangiwa Februari, na Februari mkulima hana kitu mfukoni. Hapo ndipo shetani wetu wa zamani, butura, anapopata mlango mpya. Kwa msomaji asiye wa Kagera, butura ni kuuza kahawa ikiwa bado ni maua au punje mbichi mtini, kwa bei ya kutupa, kwa mtu ambaye atakuja kuichuma ikiiva. Serikali imeipiga marufuku, viongozi wa vyama vya ushirika wameikemea mwaka baada ya mwaka, nayo bado ipo. Tulizoea kusikia kwamba watu huuza butura kwa njaa, au kwa mgonjwa, au kwa karo ya shule. Ninamjua kijana, baba wa watoto watatu, aliyeuza butura safu mbili za mibuni ili kuijaza nafasi iliyokuwa tupu mbele ya jina lake katika orodha ya harusi ya mtu wa Dar es Salaam. Shule zilipofunguliwa Januari, mwanawe wa kwanza alichelewa wiki mbili kwa kukosa sare. Sare ya harusi ilikuwako, imekunjwa vizuri sandukuni.

Nilimwuliza kwa nini hakusema tu kwamba hana. Akanijibu, "Mwalimu, ningesema wapi? Kule wote wanasoma."

Jibu hilo limenikaa moyoni. Zamani mtu asiyekuwa nacho alikwenda kwa mwenye shughuli jioni, faraghani, akamwambia, "Kaka, safari hii sina, nitakuja kuchota maji." Heshima yake ikabaki na ya mwenye shughuli ikabaki. Kundi halina jioni wala faragha.

Nisiishie kwenye fedha tu. Tangu Novemba 2014, zile tiki mbili za buluu humwambia aliyekuandikia kwamba umesoma ujumbe wake. Alama ndogo ile imeleta ugomvi mkubwa baina ya mashemeji kuliko mashamba. Mtu anasoma ujumbe akiwa juu ya baiskeli, anakusudia kujibu akifika, anasahau, na upande wa pili hukumu imekwisha kutolewa: amenidharau. Tumejiwekea deni la kujibu papo hapo ambalo hakuna mila wala dini iliyotudai.

Najua atakayesema, "Mwandishi anataka turudi gizani." La hasha. Machi 2023 Wizara ya Afya ilipotangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia mkoani kwetu, katika Wilaya ya Bukoba, habari ya kunawa mikono na kutogusa maiti ilinifikia kwanza kwa simu, na naamini iliwafikia wengi hivyo. Lakini siku zile zile nilipokea sauti ya mtu asiyejitaja jina, akieleza dawa ya mitishamba ya ugonjwa ule, na niliipokea mara tano, kwa kuwa watu wale wale wamo katika makundi yangu matano. Hiyo ndiyo hasara ya wingi: habari ya kweli huja mara moja na uzushi huja mara tano. Tena mwenye duka anahitaji simu, na muuza kahawa anataka kujua bei, na mama ambaye binti yake yuko Muscat hana njia nyingine ya kumwona uso. Mtu wa namna hiyo simwambii aitupe simu yake mtoni.

Na wala sitaki kumwahidi msomaji miujiza. Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, wanafunzi 143 walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, na waliopunguza Facebook, Instagram na Snapchat hadi dakika kama 30 kwa siku, kwa muda wa wiki tatu, walionekana kupungukiwa na upweke na huzuni. Mwaka huo huo watafiti wengine wa huko Marekani waliwalipa watu wafunge Facebook kwa wiki nne kabla ya uchaguzi wa Novemba. Watu kama 2,700 walihusika. Waliofunga walijipatia wastani wa saa moja kila siku, wakawa na muda zaidi na jamaa na rafiki zao, na furaha yao ikaongezeka, ila kidogo. Tena walijua habari za dunia kwa uchache kuliko wenzao. Hivyo faida ipo na gharama ipo. Naongeza la kwangu: hakuna hata mmoja katika Wamarekani wale aliyekuwa akidaiwa mchango wa harusi. Nafikiri kwetu faida ingekuwa kubwa zaidi.

Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha Ihyaa, ameweka mlango wa udugu na usuhuba, na mara tu baada yake akaweka mlango wa kujitenga. Humo hakusema kwamba kujitenga ni bora daima, wala kwamba kuchanganyika ni bora daima. Alipima faida na madhara ya kila upande. Alikuwa na haki ya kupima, kwani mwaka 1095 aliuacha ualimu wake mashuhuri wa Baghdad akaondoka, na baada ya miaka kama kumi na mmoja akarejea kufundisha. Nayo Qur'an Tukufu, katika Sura An-Nisaa aya ya 36, inapowataja wa kutendewa wema inamtaja jirani aliye karibu na jirani aliye mbali, kila mmoja kwa jina lake. Mimi nilikuwa nimewachanganya wote katika orodha moja, na aliye karibu akawa wa mwisho kwa sababu hakuwa akinitumia ujumbe.

Nieleze basi nilichofanya, si kwa kujifanya mfano, maana nimeanguka mara kadhaa na kuinuka. Kwanza nilikaa na mke wangu tukaandika katika daftari majina ya watu ambao wakiugua usiku huu tutaondoka usiku huu. Tulianza na majina 40 na tukabishana. Tulipomaliza yalikuwa 14, na nyumba tatu kati ya hizo hazina simu kabisa. Kisha nikatoka katika makundi 23. Tangu Agosti 2022 WhatsApp imeruhusu mtu kutoka kimya kimya, wajue wasimamizi wa kundi peke yao, lakini katika makundi ya ukoo niliona kutoka hivyo ni utovu wa adabu, nikampigia kila msimamizi simu na kumweleza. Wawili walikasirika. Mmoja, ambaye ni shangazi yangu, alinyamaza kidogo kisha akaniuliza namna ya kutoka yeye mwenyewe, na yeye ndiye msimamizi! Nikaifunga pia ile njia ya kuingizwa katika makundi bila ridhaa yangu. Njia ya kuifunga imekuwapo tangu Aprili 2019, na sikuijua kwa miaka mingi kwa kuwa sikuitafuta.

Juu ya michango tumekata fungu la mwaka mzima, tunalitenga baada ya kuuza kahawa, na fungu hilo likiisha limekwisha. Wa daftari hutangulia. Wengine ninawajibu kwa simu ya sauti, si kwa maandishi, nawaambia, "Ndugu yangu, safari hii sina, nakuombea dua." Mara ya kwanza ulimi ulinikauka. Kati ya wanne niliowaambia hivyo, watatu walishukuru kwamba nimepiga. Wa nne hajazungumza nami tangu siku ile, na naliacha kwa Mwenyezi Mungu.

Simu sasa hufunguliwa baada ya Alasiri na tena baada ya Isha. Asubuhi hulala kabatini. Nikienda kwa mgonjwa au msibani haiendi nami, maana nimeona misibani watu wakipiga picha chakula cha matanga.

Hasara nayo imenipata, na sipendi kuificha. Mwezi wa Novemba alifariki mtu tuliyeketi naye dawati moja sekondari. Habari ilitangazwa katika kundi la shule, ambalo nilikuwa nimetoka, ikanifikia baada ya siku kumi na saba. Nilijilaumu sana. Usiku ule nilidhani nimekosea katika jambo hili lote.

Asubuhi nikampigia simu mjane wake aliyeko Mwanza. Nilimwambia nimechelewa na sina udhuru. Tulizungumza karibu nusu saa, akanieleza siku za mwisho za mumewe, alichokula, alichokisema juu ya watoto, na jinsi alivyolitaja dawati letu lile. Nikamwuliza kama wenzetu wa kundi walifika. Akasema walituma rambirambi kwa umoja wao, na kwamba pole zilizoandikwa zilikuwa nyingi hata simu ikajaa, na bado hajazisoma. Kisha akaniuliza, "Shemeji, wewe utakuja lini?"

Nauli ya kwenda na kurudi nimekwisha kuitenga katika lile fungu. Nimengoja maharage yavunwe, na mzee jirani yangu ameahidi kuwatazamia mbuzi wangu hadi nirejee.